Sudan na Meza ya Wenye Bunduki

Siku chache baada ya El Fasher, mji wa Darfur, magharibi mwa Sudan, kuanguka mwishoni mwa Oktoba 2025, tulikuwa barazani Mombasa baada ya sala ya Isha, tunakunywa kahawa chungu, na simu ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na picha za video walizojipiga wapiganaji wenyewe wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan, wakiwa juu ya watu waliolala chini. Mzee mmoja aliitazama kidogo, akairudisha kwa mwenyewe, akauliza hawa wanapigania nini. Kijana anayepakia chai kwenye maghala ya Shimanzi ndiye aliyejibu, kwa kuwa vita hivyo vilikuwa vimeshamgusa: mwezi Machi serikali ya jeshi la Sudan, iliyokuwa ikikaa Port Sudan, ilipiga marufuku bidhaa zote za Kenya, chai ikiwemo, kwa hasira ya mkutano wa RSF uliofanyika Nairobi. Akajibu kama redio zinavyojibu, kwamba ni majenerali wawili wanaogombea madaraka.

"Majenerali wawili, mwanangu?" mzee akasema. "Wawili tu, na nchi nzima ikahama?"

Hakuna aliyemjibu.

Swali hilo limenikaa kwa wiki kadhaa. Jibu la kijana si la uongo. Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, jeshi la Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana zaidi kwa jina la Hemedti, walianza kupigana katikati ya Khartoum, na tangu hapo zaidi ya watu milioni 12 wamelazimika kuacha makwao. Lakini watu wawili hawawezi kupata maelfu ya vijana walio tayari kuua majirani zao kama hapakuwa na kitu kilichotangulia. Nimekitafuta kitu hicho, na ninachokiona ni desturi ya utawala iliyo kongwe kuliko majenerali wote wawili, ikafuatwa na desturi ya pili, ya namna amani inavyotafutwa, ambayo sisi majirani tumeshiriki kuikuza.

Mto, na nchi iliyo mbali nao

Maji yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja hufika Khartoum baada ya kupita vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake hupotea kwa mvuke, kisha hukutana na Naili ya Buluu inayoshuka kutoka Ziwa Tana, Ethiopia. Kwenye makutano hayo imejengwa miji mitatu inayotazamana: Khartoum, Omdurman na Bahri. Kusini yake kuna Gezira, ardhi iliyo baina ya mito miwili, ambako Waingereza walikamilisha bwawa la Sennar mwaka 1925 na kuanzisha mmoja wa miradi mikubwa ya umwagiliaji duniani kwa ajili ya pamba. Shule, reli na hospitali zilijengwa hapo kwanza.

Darfur ni mbali. El Geneina, mji ulio karibu na mpaka wa Chad, uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Khartoum, na kati yake kuna nyika ya Kordofan na mlima wa volkano wa Jebel Marra unaozidi mita 3,000. Watu wa Darfur walikuwa na usultani wao na njia yao ya misafara iliyokwenda Misri moja kwa moja, bila kuihitaji Khartoum. Waingereza hawakuitwaa hadi mwaka 1916, walipomuua Sultani Ali Dinar, miaka 17 baada ya kuanza kuitawala Sudan pamoja na Misri. Reli ilifika Nyala mwaka 1959, nchi ikiwa tayari huru.

Sudan ilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1956 ilikuwa nchi kubwa kuliko zote barani Afrika, na ilibaki hivyo hadi kusini ilipojitenga tarehe 9 Julai 2011. Serikali iliyokaa mtoni ilidai kuitawala ardhi yote hiyo bila kuwa na barabara, walimu wala mahakimu wa kuifikia. Ilichokuwa nacho ni njia nyepesi iliyorithiwa: kumpa silaha mtu wa huko huko, kumwachia ngawira iwe mshahara wake, na baadaye kuyakana aliyoyatenda.

Mfanyabiashara aliyefanywa gavana

Muhammad Ali wa Misri alipotuma jeshi kusini mwaka 1820, alitafuta dhahabu, na alitafuta watumwa wa kujaza jeshi lake. Khartoum yenyewe ilianza kukua kama kambi ya jeshi hilo. Katika miongo iliyofuata, wafanyabiashara kutoka kandokando ya Naili walijenga ngome huko Bahr el-Ghazal, ambako leo ni Sudan Kusini, kila mmoja na jeshi lake binafsi la askari watumwa, wakiwinda watu na pembe za ndovu. Aliyewazidi wote aliitwa Zubayr Rahma Mansur.

Serikali ya Misri ilijaribu kumdhibiti Zubayr kwa nguvu, ikashindwa. Mwaka 1873 ikamteua gavana. Mwaka uliofuata, jeshi lake hilo la biashara likaupiga usultani wa Darfur na kumuua Sultani Ibrahim, na nchi ile ikaingizwa katika milki ya Misri kwa mikono ya mtu ambaye jana yake alikuwa mhalifu machoni mwa serikali. Zubayr alipokwenda Kairo kudai haki yake, alizuiliwa huko huko, kwa kuwa aliyekuwa na nguvu za kuiteka Darfur angeweza pia kuiteka Khartoum.

Niliposoma habari hiyo kwa utulivu ndipo swali la mzee lilipoanza kupata jibu. Hemedti alikuwa mfanyabiashara wa ngamia kutoka Darfur. Alipewa silaha katika vita vilivyoanza mwaka 2003, kikosi chake kikapewa jina rasmi la RSF mwaka 2013 na sheria yake mwaka 2017, na mwaka huo huo kikatwaa migodi ya dhahabu ya Jebel Amer. Omar al-Bashir, aliyekuwa rais, alimtaka awe kinga yake dhidi ya jeshi lake mwenyewe. Tofauti na Zubayr ni kwamba huyu hakuzuiliwa Kairo. Alifika Khartoum, akawa makamu wa kiongozi wa nchi.

Walivyofika kwetu

Wasomaji wa Tanga, Bagamoyo na Nairobi wanawajua watu waliotokana na mfumo huo, hata kama si wote wanaoujua mfumo wenyewe. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann aliwaandika mamia ya askari wa Kisudani huko Misri na kuwaleta pwani yetu kupigana na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua karibu na Ziwa Albert mabaki ya askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini mwa Sudan, ili waishike Uganda kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Wengi wao, au baba zao, walikuwa wametekwa utumwani kusini mwa Sudan na katika milima ya Nuba kabla ya kuvalishwa sare. Wajukuu wao ni Wanubi wa Bombo na wa Kibera, waliosubiri zaidi ya karne moja hadi mwaka 2017 ndipo serikali ya Kenya ikawapa hati ya ekari 288 za ardhi waliyowekwa.

Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuizungumzia Sudan kana kwamba iko dunia nyingine. Pangani waliwaona askari hao kwa macho yao.

Hofu ya watu wa mto

Kuna upande wa kumbukumbu hii ambao mtu wa nje huukosa kwa urahisi, nami nilichelewa kuupa uzito wake. Baada ya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuasi utawala wa Misri, kuitwaa Khartoum mwezi Januari 1885 na kufariki miezi michache baadaye, nchi ilishikwa na Khalifa Abdullahi, Mbaggara, yaani mfugaji wa ng'ombe wa Kiarabu, wa kabila la Taaisha kutoka kusini mwa Darfur. Aliwaamuru watu wake wahamie Omdurman, wakaja kwa maelfu, na wakati huo huo njaa kubwa ya 1888 na 1889 ikaikumba nchi. Mwaka 1897, jeshi lake liliingia mji wa Metemma, wa Wajaali wa mtoni waliokataa amri yake, likawaua wengi. Utawala huo uliisha Karari, karibu na Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, pale bunduki za jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener zilipoua zaidi ya watu 10,000 katika asubuhi moja.

Hivyo, wapiganaji wa RSF walipoingia katika nyumba za Khartoum mwaka 2023, wakalala kwenye vitanda vya watu na kubeba mpaka milango, familia nyingi za mtoni hazikuona jambo geni. Ziliona Metemma imerudi.

Hofu hiyo ni ya kweli, na waliyotendewa ni ya kweli. Lakini imetumiwa vibaya. Jeshi lilipoirudisha Wad Madani, mji mkuu wa Gezira, mikononi mwake mwezi Januari 2025, waliouawa baada ya hapo katika baadhi ya vijiji vya Gezira walikuwa vibarua wa mashambani wanaoishi katika makambi yaitwayo kanabi, watu wenye asili ya Darfur na Sudan Kusini ambao mababu zao waliletwa kuvuna pamba. Walishukiwa kwa sura na asili yao tu. Katika majimbo ya kaskazini pia, mtu kutoka magharibi amekuwa akikamatwa kwa sababu hiyo hiyo.

Bunduki inavyofungua mlango

Vita vya kusini viliwaka tangu maasi ya Torit mwezi Agosti 1955, vikatulia kwa mkataba wa Addis Ababa wa 1972, vikarudi mwaka 1983. Katika miaka ya 1980 serikali ya Khartoum iliwapa silaha vijana wafugaji wa Kibaggara ili wapigane na jeshi la John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na malipo yao yakawa ng'ombe na watu waliowateka. Mwaka 2003, waasi wa Darfur waliposhambulia uwanja wa ndege wa El Fasher na kuharibu ndege za jeshi, serikali ilirudia njia ile ile: ikawaita wanamgambo waliokuja kujulikana kama Janjaweed. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba waliokufa walifikia 300,000 katika miaka mitano ya kwanza.

Nimekaa muda mrefu zaidi juu ya suala la amani kuliko juu ya vita, kwa sababu hapo ndipo tulipo sisi. Mazungumzo ya Machakos na Naivasha, chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, yalimaliza vita vya kusini vilivyoua watu wapatao milioni mbili, na mkataba wake ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Ni kazi kubwa, na Wakenya wana haki ya kujivunia. Hata hivyo, mezani walikaa wawili tu, chama cha Bashir na SPLM, chama cha waasi wa kusini, wakati Darfur ilikuwa inaungua kwa mwaka wa pili, na wapatanishi waliogopa kwamba kuiingiza Darfur kungevuruga kilichokaribia kukamilika.

Watu wa Darfur waliona na wakaelewa.

Tangu hapo mtindo umekuwa huo. Mkataba wa Abuja wa 2006 uliwapa vyeo waliotia saini. Mkataba wa Juba wa Oktoba 2020 uliwaleta viongozi wa waasi mjini kuwa mawaziri na gavana, na mwaka mmoja baadaye baadhi yao walisimama upande wa wanajeshi walipoipindua serikali ya kiraia. Kijana wa El Geneina au wa milima ya Nuba aliyekuwa akitazama haya yote alijifunza kwamba mwalimu hasikilizwi, daktari hasikilizwi, mkulima hasikilizwi. Anayepelekewa ndege imchukue hadi hotelini kwenye mazungumzo ni mwenye magari yaliyofungwa bunduki.

Nchi nzima ni Darfur

Hapa ndipo shaka ilipoingia. Kama desturi hii ina miaka 200, je, simsamehi aliyefyatua risasi kwa kuitupia lawama historia? Kuna aina ya maelezo ambayo hufanya kila kitu kionekane kilikuwa lazima kitokee, na aliyepoteza mtoto hana haja nayo.

Kilichonirudisha ni mwezi Desemba 2018. Maandamano yalianza Atbara, mji wa reli, kwa sababu ya bei ya mkate, yakaenea nchi nzima. Serikali ya Bashir ilifanya ilivyozoea: iliwakamata wanafunzi wa Darfur na kutangaza kwamba wao ndio wachochezi. Vijana wa Khartoum, watoto wa familia za mtoni, wakajibu barabarani kwa kaulimbiu ya Kiarabu inayosema: ewe mbaguzi mwenye kiburi, nchi nzima ni Darfur.

Sijui sentensi nyingine katika historia ya Sudan huru iliyoikata desturi hiyo kwa uwazi namna hiyo.

Bashir aliondolewa tarehe 11 Aprili 2019. Vijana walikataa kuondoka mbele ya makao makuu ya jeshi, wakapika, wakatibiana, wakajadili katiba, hadi tarehe 3 Juni walipovamiwa na zaidi ya 100 wakauawa. Waliovamia waliongozwa na RSF, na jeshi, ambalo lango lake lilikuwa hatua chache kutoka hapo, halikuwalinda. Kisha jumuiya ya kimataifa ikawashawishi raia wagawane madaraka na Burhan na Hemedti, na tarehe 25 Oktoba 2021 hao wawili, wakiwa bado marafiki, wakaipindua serikali ya waziri mkuu wa kiraia, Abdalla Hamdok. Kwa hiyo vita hivi havikuwa lazima. Palikuwa na watu waliojua wanachotaka, wakakizungumza hadharani bila silaha, na wenye silaha wakachagua kuwaua. Uchaguzi huo una majina ya watu.

El Geneina, kisha El Fasher

Nasikia ikisemwa kwamba hivi ni vita vya Waarabu na Waafrika. Burhan na Hemedti wote hujihesabu Waarabu, wote ni Waislamu, na majeshi yao yote yana watu wa kila kabila. Kwa Khartoum maelezo hayo hayafai kitu. Lakini El Geneina mwaka 2023 hali ilikuwa tofauti: Wamasalit, kabila lisilo la Kiarabu, walisimamishwa njiani wakiulizwa kabila lao, na jibu ndilo lililoamua nani aishi. Gavana wa Darfur Magharibi, Khamis Abakar, alizungumza na televisheni akieleza kwamba watu wake wanaangamizwa, na siku hiyo hiyo, tarehe 14 Juni, akauawa. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba waliouawa katika mji huo mmoja ni kati ya 10,000 na 15,000. Waliosalia walitembea hadi Adré, Chad.

Dunia ilijua, na El Fasher ikafuata. Mji ulizingirwa tangu mwaka 2024. RSF ilijenga tuta la udongo kuuzunguka ili mtu asitoke na chakula kisiingie, na watu wakala mashudu ya karanga yanayolishwa mifugo, hadi nayo yakaadimika. Kambi ya Zamzam iliyo jirani ilithibitishwa kuwa na baa la njaa mwezi Agosti 2024, ikavamiwa Aprili 2025. Mji ulipoanguka tarehe 26 Oktoba, Shirika la Afya Duniani liliarifu kwamba zaidi ya wagonjwa na wauguzaji wao 460 waliuawa katika hospitali ya uzazi ya Saudi. Miezi 18 ya onyo ilipita bila yeyote kufungua njia.

Silaha hazichimbwi Darfur. Dhahabu ya Sudan huishia kwa wingi Umoja wa Falme za Kiarabu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliziona kuwa za kuaminika tuhuma kwamba silaha za RSF zilipitia Chad kutoka huko, jambo ambalo serikali ya Falme hizo hulikanusha. Jeshi nalo lina marafiki wake, Misri ikiwa ya mbele, na limepata ndege zisizo na rubani kutoka Iran.

Nani aitwe

Mazungumzo ya Jeddah ya Mei 2023 yalikuwa na wajumbe wa pande mbili zenye bunduki. Tarehe 12 Septemba 2025, Marekani, Saudi Arabia, Misri na Umoja wa Falme za Kiarabu zilitoa pendekezo la kusitisha mapigano kwa miezi mitatu, na mapigano yakisimama hata kwa siku moja nitashukuru. Lakini mwezi Februari mwaka huo huo Nairobi ilikuwa imewapa ukumbi RSF na washirika wake watie saini hati ya kuunda serikali yao, baada ya El Geneina, wakiwa wameizingira El Fasher. Nchi ya Sumbeiywo haikupaswa kufanya hivyo, na ninasema hivyo nikiwa Mkenya.

Wakati huo huo, kuna Wasudani ambao wameendesha nchi bila serikali. Vijana wa kamati za mitaa za mwaka 2019 waliunda vyumba vya dharura mtaa kwa mtaa: wanapika vyungu vya dengu na maharage kwa mamia ya watu, wanatafuta dawa, wanatengeneza mabomba ya maji, wanazika maiti. Wamekamatwa na pande zote mbili. Marekani ilipositisha misaada yake mapema mwaka 2025, majiko yao mengi yalifungwa, na mwaka huo huo wakapewa tuzo ya haki za binadamu ya Rafto ya Norway. Wanajua kila mtaa una wajane wangapi na kisima gani kimekauka. Hawajapewa kiti.

Kama Nairobi itafungua tena ukumbi kwa ajili ya Sudan, na naamini siku hiyo itakuja, waalikwa wa kwanza wawe wapishi hao wa Omdurman, Wamasalit walioko Adré na vibarua wa kanabi za Gezira, kabla ya kuitwa yeyote aliye na kikosi. Na jambo la kwanza kujadiliwa liwe jeshi moja, lisilomiliki migodi, viwanda wala mashamba, na mahakama ya waliotenda haya pande zote mbili. Ugawaji wa wizara usubiri.